Kangaga Isiyo na Majani wala Mizizi

Kila mtoto aliyezaliwa Bariadi, Maswa au Itilima aujua mnyaa, ambao wengine huuita manyara. Ndio ua wa boma la mifugo, ndio mpaka wa kiwanja. Ukikatwa hutoka utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukiingia jichoni ni balaa. Tena kila mtoto ajua kwamba mnyaa ni kama hauna majani. Vijani vyake ni vidogo mno, hutokea katika ncha changa na kupukutika upesi, na kazi yote ya majani, yaani kupika chakula cha mmea kwa nuru ya jua, hufanywa na vile vijiti vyake vya kijani.

Nimeanza na mnyaa, ndugu wasikilizaji, nanyi mtakaoyasoma maneno haya kijitabuni, kwa kuwa nataka kuwaelezeni habari za mmea mwingine wenye vijiti vya kijani visivyo na majani, ambao ni wachache kati yenu waliopata kuuona. Jina lake katika vitabu ni Psilotum nudum. Neno la kwanza latokana na Kiyunani, na maana yake ni uchi. Neno la pili ni Kilatini, nalo maana yake ni uchi vilevile. Basi waliouita hivyo walisema neno moja mara mbili, na mtu akiuona mmea wenyewe hatawalaumu. Sisi na tuutamke kwa ulimi wetu: silotumu.

Silotumu si jamaa ya mnyaa hata kidogo. Mnyaa hutoa maua na mbegu, ingawa maua yake ni madogo na watu wengi hawayaangalii. Silotumu hautoi ua, wala tunda, wala mbegu. Ni wa kabila la kangaga, ile mimea ya kivulini na ya kandokando ya vijito ambayo majani yake huchanika kama unyoya wa ndege, na ukiligeuza jani lake waona chini yake madoadoa ya rangi ya kahawia yenye unga. Unga ule ndio uzazi wake. Kila chembe yake huitwa spora, nayo ni nyepesi kiasi cha kuchukuliwa na upepo kama vumbi.

Makao ya silotumu ni nchi za joto za ulimwengu mzima, pamoja na sehemu chache zisizo na joto jingi, kama Japani ya kusini na pembe ya kusini ya Hispania. Katika Afrika Mashariki yetu waonekana kwa nadra, nao hutaka mahali penye unyevu. Huota katika mpasuko wa gome la mti mkubwa, au shinani mwa mti wa jamii ya mitende, pale yanapobaki makalio ya makuti ya zamani na kujaa takataka zilizooza, au pengine katika ufa wa mwamba. Mara nyingi basi haukai ardhini, bali hukaa juu ya mti mwingine. Lakini msiudhanie kuwa ni mnyonyaji. Iko mimea inayotia mizizi yake ndani ya tawi la mwenziwe na kunywa maji yake, hata tawi likadhoofika. Silotumu haufanyi hivyo. Ni kama mgeni aliyekaribishwa barazani akalala juu ya mkeka wake mwenyewe na kula posho yake mwenyewe. Alichotaka kwa mwenyeji ni mahali pa kukaa tu.

Sasa na tuutazame mwili wake. Chukueni fagio dogo la chelewa, mlisimamishe juu chini, chelewa zikiwa juu, mlipake rangi ya kijani. Hapo mmekwisha kuikaribia sura yake. Urefu wake ni kama shibiri moja, pengine mbili. Kijiti kimoja hutoka chini, kisha hugawanyika panda, kama mti wa manati; kila panda hugawanyika tena panda mbili zilizo sawa, na hizo tena, hata juu kabisa vijiti vimekuwa vingi na vyembamba. Ukikishika kijiti kwa vidole utasikia kwamba hakikuviringana, bali kina pembe tatu. Kandokando yake kuna vigamba vidogo vilivyotengana, mfano wa vijani vilivyosahauliwa. Havikustahili kuitwa majani, kwa maana jani la kweli lina mshipa ndani yake wa kupitisha maji, na vigamba hivi havina mshipa.

Majani hauna, tumekwisha kuona. Mizizi je? Mwanafunzi akiufukua mmea huu ataona chini kitu kama tangawizi nyembamba sana, chenye matawi, na atasema, “Hii hapa mizizi.” Lakini tangawizi nayo si mzizi, ni shina lililolala chini, na silotumu vivyo hivyo. Shina lake la chini lina malaika membamba ya kunyonyea maji, lakini mzizi wa kweli, hata mmoja, hauna tangu kuzaliwa hata kufa. Hili ni jambo la ajabu kuliko lile la majani. Miti isiyo na majani twaijua. Mmea mkubwa kiasi hiki, wenye mishipa ya maji ndani yake, lakini usio na mzizi, ni adimu sana duniani.

Basi hulaje? Hapo ndipo tunapokutana na mshirika wake. Ndani ya shina lile la chini hukaa kuvu, jamaa ya uyoga na ya ukungu, naye ni nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho matupu. Nyuzi zake hutoka nje ya shina na kutambaa katika takataka zilizooza, zikikusanya maji na chumvi za udongo na kuzileta ndani. Mmea nao, kwa kuwa waweza kupika sukari kwa nuru ya jua, humpa kuvu sukari. Ni biashara ya kubadilishana, mfano wa mfugaji na mkulima wanaopeana maziwa kwa mtama. Kumbukeni habari za kuvu huyu, maana tutamhitaji tena tutakapofika katika sababu za mmea huu kuwa adimu.

Ukipanda juu ya vijiti, kandoni utaona vijidonge vidogo, kimoja kama punje ya ulezi hivi, vya kijani kwanza, kisha vya manjano. Ukikitazama kimoja kwa kioo cha kukuzia utaona kwamba kina sehemu tatu zilizogandamana, kama mafiga matatu yaliyosogezwa mpaka yakagusana. Ni vifuko vitatu vilivyoungana kuwa kimoja, na ndani yake mna spora. Vikikauka hupasuka, na upepo hufanya kazi iliyobaki.

Mtu angedhani kwamba spora ikianguka mahali pema itaota ikawa silotumu mwingine. Sivyo. Kangaga zote zina maisha ya awamu mbili, na za silotumu ni za siri kuliko za wengine. Spora ikiingia katika ufa wenye giza na unyevu, huota ikawa kitu kidogo cha rangi ya kahawia, mfano wa kipande cha kijiti, urefu wake milimita chache. Hakina ukijani wowote, hakioni jua, hakiwezi kupika chakula. Hulishwa na kuvu tangu mwanzo hata mwisho. Juu ya kijiti hicho huota viungo vya kiume na vya kike. Mbegu ya kiume ina mikia mingi, nayo huogelea katika maji mpaka imfikie ya kike. Nasema huogelea, si kwa mfano bali kwa kweli: pasipo utando wa maji wa kuogelea, hata mwembamba kama umande, hapana mimba. Mimba ikitunga, ndipo huanza kukua ule mmea wa vijiti vya kijani tulioueleza. Basi mmea mmoja wahitaji giza, maji, kuvu na bahati kabla haujaliona jua. Mtu anayeuona juu ya mti auona mwisho wa safari ndefu.

Nimekawia katika mwili wake kwa sababu mwili huu uliwapoteza njia watu wenye elimu kwa muda mrefu. Linnaeus wa Uswidi, aliyeandika mwaka 1753 kitabu kikubwa cha majina ya mimea, aliutia katika kundi jingine kabisa la mimea midogo ya spora, kwa kutazama umbo lake la nje. Baadaye ukatolewa humo, lakini hapana aliyejua pa kuuweka. Kisha mwaka 1912, tabibu mmoja wa Scotland jina lake William Mackie, aliyependa kuchunguza mawe, akaona karibu na kijiji cha Rhynie mawe magumu yenye alama za mimea ndani yake. Zamani za kale mahali pale palikuwa na chemchemi za maji ya moto, na maji yale yalileta chumvi ya mawe iliyoifunika mimea ya ukingoni na kuigeuza jiwe pale pale iliposimama, hata mtu akikata jiwe jembamba kama karatasi na kulitia chini ya darubini ya kukuzia, huona ndani mishipa ya maji ya mmea uliokufa zamani. Kidston na Lang, wataalamu wawili, walieleza mimea ile katika maandiko yaliyotolewa kati ya mwaka 1917 na 1921. Mmoja wao wakauita Rhynia. Ulikuwa na vijiti vya kijani vilivyogawanyika panda, haukuwa na majani, haukuwa na mizizi, bali shina lililolala lenye malaika. Umri wa mawe yale wakadiriwa kuwa miaka milioni 407 hivi.

Hesabu kama hiyo ni ngumu kuishika akilini, basi na tuipime kwa vitu vya kwetu. Fuvu la mtu wa kale ambalo Bibi Mary Leakey aliliona Olduvai mwaka 1959, mashariki ya mbuga ya Serengeti, lina umri wa miaka milioni 1 na robo tatu. Mifupa ya majitu ya wanyama iliyochimbwa Tendaguru, nchi ya Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Mimea ya Rhynie iliwatangulia wote, tena kwa mbali. Ila yale majabali ambayo watoto wa Usukuma hukaa juu yake wakichunga mbuzi yameitangulia hata Rhynie: mengi yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500.

Mnaona basi jambo lililotokea. Wataalamu walikuwa na mmea mfu, mkongwe kupita kiasi, usio na majani wala mizizi, wenye panda. Na mkononi walikuwa na mmea hai, usio na majani wala mizizi, wenye panda. Wengi wakasema, huyu ni mjukuu wa yule. Vitabu vya shule, kizazi baada ya kizazi, vikafundisha kwamba silotumu ni masalio ya mimea ya kwanza kabisa ya nchi kavu. Ilikuwa hadithi tamu, nami nakiri kwamba ningependa iwe kweli.

Lakini kasoro ilikuwako. Kati ya Rhynia na silotumu pana miaka milioni mia nne, na katika mawe ya miaka hiyo yote haukuonekana mnyororo wa kuwaunganisha. Katika miaka ya 1960 na 1970 Mmarekani mmoja, David Bierhorst, akasema wazi kwamba silotumu ni kangaga tu, ila umepoteza majani na mizizi yake. Wenziwe wengi walimbishia, na ukoo wa kangaga aliouchagua kuwa ndugu zake haukuwa sahihi. Lakini katika neno lake kubwa alikuwa na haki. Wakati wa kupima urithi ulio ndani ya chembe za viumbe ulipofika, maneno yalikwisha. Mwaka 2001 kundi la wataalamu lililoongozwa na Kathleen Pryer lilitangaza matokeo yake: silotumu ni katika kangaga, na ndugu yake wa karibu ni mmea uitwao ulimi wa nyoka.

Rudini sasa kwenye mnyaa wetu. Hapana mtu wa Bariadi atakayeuona silotumu akasema ni mnyaa, kwa kuwa mnyaa una utomvu. Lakini kosa la wenye elimu lilikuwa la namna hiyo hiyo: waliona umbo wakadhani ni ukoo. Mnyaa ulipunguza majani yake kwa ajili ya ukame. Silotumu ulipunguza majani na mizizi yake, nadhani zaidi kwa sababu kuvu alikuwapo kumfanyia kazi. Kwa hiyo neno “mmea wa kale usioendelea” litumieni kwa uangalifu. Ukoo wake ni wa kale kweli, wa zamani kuliko mimea yote yenye maua. Lakini uchi wake si nguo ambazo babu zake hawakupata kuvaa, bali ni nguo alizozivua.

Tena wana mambo mengine jamaa hawa. Mmea mmoja wa ukoo wa silotumu, waotao juu ya miti katika kisiwa cha New Caledonia, bahari ya Pasifiki, ulipimwa, na habari zake zikatangazwa mwaka 2024: urithi ulio ndani ya chembe yake moja ni mwingi kuliko wa kiumbe chochote kilichopata kupimwa, zaidi ya mara 50 ya urithi wa mwanadamu. Na ulimi wa nyoka mmoja uliohesabiwa huko Bara Hindi ulionekana kuwa na nyuzi za urithi 1260 katika chembe moja, hali mwanadamu anazo 46. Kwa nini mimea midogo iwe na mizigo mikubwa hivyo, wataalamu wangali wakishindana.

Huyu ulimi wa nyoka ndiye atakayetuleta nyumbani. Mkulima wa Bariadi asitazamie kuuona silotumu juu ya mbuyu wake, kwa maana kiangazi cha huko ni kirefu na magome hukauka kabisa. Lakini ulimi wa nyoka wapenda nchi za nyasi za Afrika Mashariki. Baada ya mvua, katika udongo mwembamba ulio juu ya miamba au katika nyasi fupi zenye maji ya kupita, hutokea kijani kimoja, hakikuchanika kama cha kangaga nyingine, na katikati yake husimama kijiti chembamba chenye vifuko vya spora pande mbili, kama ulimi unaotolewa nje. Baada ya majuma machache hunyauka. Shina lake dogo husubiri chini ya udongo mpaka mvua za mwaka mwingine. Kama silotumu, naye hulelewa na kuvu gizani katika utoto wake. Ng'ombe humkanyaga, mchungaji humpita, na jembe la ng'ombe likipita mara moja humwondoa kabisa.

Na katika nyufa za majabali yetu iko kangaga nyingine, ndogo kama kidole, yenye sura ya mti wa mvumo uliopunguzwa. Wakati wa kiangazi hujikunja na kuwa kama majani makavu yaliyokufa. Mvua ya kwanza ikinyesha hufunguka ikawa ya kijani tena. Hii si jamaa wa karibu wa silotumu, lakini yafaa mjue kwamba kangaga si mimea ya milimani Usambara peke yake.

Sasa nasema juu ya kuhifadhi. Haifai kuwadanganya wasikilizaji: silotumu hauko karibu na kutoweka duniani. Katika nyumba za vioo za Ulaya na Marekani huota wenyewe ndani ya vyungu vya mimea mingine, na watunza bustani wengine huung'oa kama gugu. Uadimu wake ni wa mahali. Huko Hispania wajulikana katika sehemu ndogo tu ya kusini, na haukutambuliwa huko mpaka miaka ya 1960. Huko Japani habari zake ni za kusikitisha kidogo. Zamani za watawala wa Edo, mabwana walishikwa na mapenzi ya silotumu. Wakachagua miche yenye umbo la ajabu, iliyopindika au yenye rangi ya manjano, wakaipa majina na kuilea katika vyungu vya fahari. Vyunguni ukaheshimiwa, misituni ukaendelea kuchimbwa. Na leo Japani yenyewe imeutia katika orodha ya mimea iliyo karibu na hatari.

Kwetu adui wake mkubwa si mchimbaji bali shoka. Mmea unaokaa juu ya mti hauwezi kukimbia mti ukianguka. Tena haufai mti wowote. Mti kijana una gome laini. Maji huteremka juu yake yakaisha. Mti mzee una nyufa, una mashimo, una takataka zilizooza za miaka mingi, na kuvu amekwisha kukaa humo. Ukikata mti wa miaka mia moja na kupanda mitano badala yake, umetenda vema kwa ajili ya kuni, lakini silotumu hana pa kukaa kwa miaka mingi ijayo, labda mpaka wajukuu zako wawe wazee. Wala kuuhamisha si rahisi kama watu wanavyodhani. Aung'oaye msituni na kuupanda katika kopo la udongo mkavu hutenganisha washirika wawili, na mara nyingi hubaki na fagio lililokauka.

Ndiyo maana makao ya mimea hii katika Tanzania yategemea sana misitu mikongwe. Amani, katika Usambara ya Mashariki, palianzishwa kituo cha uchunguzi wa mimea na Wadachi mwaka 1902, na msitu wake ulifanywa hifadhi ya asili mwaka 1997. Humo hukaa kangaga za namna nyingi, za ardhini na za juu ya miti. Misitu ya namna hiyo imekwisha kupungua sana nchini, ikikatwa kwa mashamba, mbao na makaa.

Lakini nisingependa mtu wa Simiyu aseme kwamba kuhifadhi ni kazi ya watu wa milimani. Nchi yenu ina historia yake katika jambo hili, na historia hiyo ina makosa na masahihisho. Tangu miaka ya 1920 miti mingi ya Usukuma ilifyekwa ili kufukuza mbung'o; kisha likaja shamba la pamba, likaja ongezeko la ng'ombe, na katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vipya wakaacha mahame yao na miti waliyoitunza. Nchi ikawa kiwara. Mwaka 1986, siku zile ambazo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga (Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012), serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyofupishwa HASHI. Wenye kazi hiyo, baada ya kujaribu miche ya bustani, waliona kwamba wenyeji walikuwa tayari na dawa yao ya kale: ngitili.

Ninyi mwaijua ngitili kuliko mimi. Ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, ili nyasi na miti ipumzike. Hufunguliwa kiangazi kikiwa kikali, kwanza kwa ndama na wanyama dhaifu. Mwaka 1986 zilihesabiwa ngitili za hekta 600 hivi katika mkoa mzima wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. HASHI yenyewe ilimalizika mwaka 2004, lakini amri za ngitili hazikutoka ofisini peke yake. Zilitoka katika mkutano wa wazee, dagashida, na mvunjaji alitozwa faini mbele ya watu waliomjua. Na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaruhusu kijiji kuutenga msitu wake kwa mamlaka yake.

Najua ngitili haikuwekwa kwa ajili ya kangaga. Iliwekwa kwa ajili ya ndama. Hata hivyo ardhi isiyolimwa wala kukanyagwa wakati wa mvua ndiyo ardhi inayomfaa ulimi wa nyoka, kwa maana ndio wakati anaotoa spora zake. Mimi ningeongeza neno moja tu mbele ya wazee: katika kila ngitili iachwe miti michache mizee isiyoguswa, hata ile iliyopinda na yenye mashimo ambayo mchoma makaa huiona kuwa haina kazi nyingine. Mti wenye shimo una wapangaji wengi: nyuki, bundi, popo, kuvu, na mimea ya juu ya miti. Mzee mmoja aweza kunijibu kwamba mti mzee huchukua mahali pa nyasi. Ni kweli, huchukua. Lakini ng'ombe nao hutafuta kivuli saa sita.

Wanafunzi nawapeni kazi. Mvua zikishika, nendeni na mwalimu wenu mpaka kwenye jabali lililo karibu na shule, mkatazame udongo mwembamba uliokusanyika juu yake na nyasi fupi za kandoni. Pigeni magoti, kwa maana mtu aliyesimama hawezi kumwona. Mkikuta kijani kimoja chenye ulimi katikati, msikifukue. Kihesabuni, kichoreni kwa ukubwa wake, mwandike siku, mahali, na kama mahali hapo pamelishwa mifugo au la. Mwaka unaofuata rudini pale pale mkahesabu tena. Iwapo vimekuwa vingi kiasi cha kukosekana kimoja bila hasara, mwalimu aweza kukikata jani bila kugusa shina, kukibana kati ya magazeti makavu mpaka kikauke, na kukipeleka pamoja na maandishi yale katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kuna nyumba ya kuwekea mimea iliyokaushwa. Jani lisilo na jina la mahali na siku halina faida huko, basi yaandikeni kwa wino usiofutika.